Nuru inayosikika: Mbinu mpya ya kuchungulia mwili na suala la ngozi nyeusi

MTU anayesafiri kwa matatu alfajiri ya mwezi wa Julai kutoka Thika kuelekea Nairobi huujua vyema ukungu unaotanda kati ya Juja na Ruiru. Dereva huwasha taa zote, lakini badala ya kumwonyesha barabara, taa hizo humrudishia weupe mtupu machoni. Lori lililo hatua hamsini mbele yake halioni kabisa. Hata hivyo, lori hilo likipiga honi, sauti humfikia bila kupotea njia.

Tofauti hiyo ndogo baina ya nuru na sauti ndiyo msingi wa mojawapo ya mbinu za kitabibu ambazo zimewashughulisha mno watafiti duniani kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Mbinu yenyewe huitwa fotoakustika. Jina hilo lina asili ya Kiyunani, likiunganisha neno la nuru na lile la usikivu. Wapo wanaopendekeza tuseme ‘nurusauti’, na mwandishi huyu hana ugomvi nao, ila neno likishazoeleka maabarani ni vigumu kulibandua.

Ukungu ni vitone vingi vya maji vilivyoelea hewani. Kila kitone huupinda mwanga kidogo, na baada ya kupindwa mara nyingi, mwanga husahau ulikotoka. Nyama ya mwili wa binadamu ni ukungu mzito kupindukia. Chembe, mafuta na nyuzinyuzi zake huusambaza mwanga kila upande, kiasi kwamba baada ya takriban milimita moja tu chini ya ngozi, miale huanza kupoteza mwelekeo wake wa awali. Sauti, kwa upande wake, husambazwa mwilini kwa kiwango kilicho chini mara elfu moja hivi kuliko nuru.

Mtoto aliyewahi kufunika tochi kwa kiganja usiku umeme ulipopotea amekwisha kulifanya jaribio hili bila kujua. Kiganja hung’aa kwa wekundu, ishara kwamba nuru imepenya hadi upande wa pili. Lakini hakuna mfupa wala mshipa unaoonekana kwa uwazi, kwa kuwa nuru hiyo imekorogwa njiani. Wekundu nao una maana yake. Damu huzimeza rangi za buluu na kijani na kuiachia nyekundu ipite. Kwa hivyo, nuru inayotoka mwilini hubeba habari za damu. Tatizo limekuwa namna ya kutambua habari hizo zimetoka sehemu gani.

Vyombo vingine tulivyovizoea hospitalini havijibu swali hilo. Eksrei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hupenya moja kwa moja na kuonyesha mfupa, lakini miale yake ina madhara inapozidi, na haiwezi kusema kama damu ina oksijeni au haina. Mashine ya mawimbi ya sauti ambayo akina mama waja wazito huijua kama ‘skani’ haina miale hiyo, na huchora umbo la mtoto au la uvimbe. Ila sauti haijui rangi, na katika damu, rangi ni jambo kubwa. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung’aa, ilhali ile iliyokwisha kuitua ina wekundu wa kukoza.

Aliyepata ufunguo wa kwanza hakuwa daktari. Alikuwa Alexander Graham Bell, yule yule aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. Miaka minne baadaye, mnamo 1880, akiwa na msaidizi wake Charles Sumner Tainter, Bell alikuwa akijaribu kupeleka sauti ya mtu kwa kutumia mwale wa jua badala ya waya. Katika pilkapilka hizo aligundua jambo la ajabu: mwanga ukikatwakatwa kwa kasi na kumulikwa juu ya kitu kigumu, kitu hicho hutoa sauti. Sababu yake si uchawi. Kitu kikiumeza mwanga hupata joto, kikipata joto hutanuka, na mwanga ukikatika hupoa na kunywea. Kutanuka na kunywea huko kunaporudiwa mara nyingi kwa sekunde, huzaa mawimbi ya sauti.

Ugunduzi huo ulikaa kwa miongo mingi bila kumfaa mgonjwa. Ilibidi leza ivumbuliwe kwanza, jambo lililotokea mwaka 1960, kisha zipatikane tarakilishi zenye nguvu.

Siku hizi mashine ya fotoakustika hufanya kazi kama radi na ngurumo. Leza hutoa mmweko mfupi sana, unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde moja. Nuru huingia mwilini na kusambaa, na haidhuru kwamba imepotea njia. Inapokutana na damu, damu huimeza, joto lake hupanda kwa kiwango kidogo mno, yapata sehemu moja ya elfu ya nyuzi moja ya Selsiasi, na mgonjwa hahisi lolote. Lakini kutanuka huko kwa ghafla kunatosha kutoa sauti ambayo sikio halisikii. Vinasa sauti vilivyowekwa juu ya ngozi huipokea. Kama vile mtu anavyohesabu sekunde baina ya radi na ngurumo ili ajue mvua iko umbali gani, ndivyo tarakilishi inavyokokotoa muda ambao sauti imechukua na kuchora mahali damu ilipo.

Zaidi ya hayo, leza inaweza kubadilishwa rangi. Rangi moja humezwa zaidi na damu yenye oksijeni, nyingine na damu isiyo nayo. Kwa kulinganisha sauti za rangi hizo mbili, daktari hupata ramani ya oksijeni ndani ya mwili bila sindano na bila kumchoma mgonjwa dawa ya kuonyesha mishipa.

Ulimwengu ulianza kulitilia maanani jambo hili mwaka 2003, pale Lihong Wang, mzaliwa wa Uchina aliyekuwa akifundisha Marekani, na wenzake walipochapisha picha za ubongo wa panya aliye hai. Walipozigusagusa sharubu za panya huyo, picha zilionyesha damu ikiongezeka katika sehemu ya ubongo inayohusika na sharubu. Fuvu halikupasuliwa wala ngozi ya kichwa haikuondolewa. Mwaka 2018, Wang na kundi lake walieleza jinsi walivyopiga picha ya titi zima kwa sekunde 15, muda ambao mwanamke anaweza kuzuia pumzi, wakaona mishipa ya damu hadi kina cha sentimita nne. Januari 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha kwa mara ya kwanza mashine ya aina hiyo, iitwayo Imagio, inayounganisha leza na skani ya kawaida ili kuwasaidia madaktari kupambanua uvimbe wa titi wa kutiliwa shaka na ule usio na neno.

Mantiki ya kuitumia kwa saratani ni kwamba uvimbe hatari ni mlafi. Huvuta mishipa mipya iliyopindapinda na kuinyonya oksijeni ya damu kuliko nyama iliyo karibu nao.

Kwa Kenya hilo si jambo la mbali. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba wanawake 6,799 nchini walipatikana na saratani ya matiti mwaka huo, na 3,107 wakafariki dunia. Wanawake wengi barani Afrika hupatwa na maradhi haya wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya, na titi la mwanamke kijana huwa na nyama nzito ambayo eksrei ya matiti haiipenyi vizuri. Picha hutoka nyeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Yule dereva wa Juja angeielewa shida hiyo mara moja.

Mgonjwa wa Ruiru au Thika ambaye amethibitishwa kuwa na saratani hana haja ya kwenda mbali sana siku hizi. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka 2019 kando ya eneo la Kahawa, ina kituo cha picha za kisasa chenye mashine ya PET, ambayo hufuatilia sukari iliyotiwa kemikali ya nyuklia ili kuona inakokimbilia mwilini. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mashine kama hiyo hutumia miale mikali na huhitaji kinu cha kutengenezea kemikali ambazo nguvu zake hupotea baada ya saa chache. Fotoakustika haihitaji vitu hivyo, ndiyo maana inatamaniwa.

Hapa sasa ndipo penye suala ambalo mwandishi huyu anaona halijapewa uzito wake katika magazeti yetu. Nuru ikielekezwa mwilini, kitu cha kwanza inachokutana nacho ni ngozi. Na ngozi zetu ni nyeusi.

Tuanze na chombo ambacho wasomaji wengi wamekwisha kukitia kidoleni. Kile kibanio kidogo cha kupimia oksijeni kilitokana na kazi ya mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya mapema ya 1970. Ndani yake mna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya miale isiyoonekana kwa macho. Damu isiyo na oksijeni humeza zaidi ile nyekundu, na ile yenye oksijeni humeza zaidi ile isiyoonekana. Chombo hulinganisha na kuandika asilimia. Baada ya mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 kutangazwa nchini Machi 13, 2020, vibanio hivyo vilitafutwa katika maduka ya dawa mijini kama ilivyotafutwa sukari enzi za uhaba. Familia nyingi ziliamua mgonjwa abaki nyumbani au akimbizwe hospitalini kwa kutegemea tarakimu hizo mbili.

Desemba mwaka huo huo, madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kutisha katika jarida la New England Journal of Medicine. Walilinganisha kibanio na kipimo halisi cha damu iliyotolewa mshipani. Miongoni mwa wagonjwa ambao kibanio kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani hali isiyotisha, kipimo cha damu kilionyesha kwamba asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa chini ya asilimia 88, kiwango cha hatari. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kwa maneno mengine, chombo kilimdanganya mtu mweusi karibu mara tatu zaidi, na kila mara kilimdanganya kwa kumwambia kwamba yu salama.

Chanzo ni melanini, rangi asilia ya ngozi ambayo hutukinga dhidi ya jua. Melanini humeza nuru, na haimezi rangi zote kwa kiwango kimoja. Watengenezaji waliamini kwamba hesabu zao zimekwisha kuliondoa tatizo hilo, kwa kuwa chombo husikiliza tu kile kinachopigapiga pamoja na moyo. Lakini vibanio hivyo vilisawazishwa kwa kujaribiwa kwa watu waliojitolea, na wengi wao walikuwa weupe. Mwongozo wa FDA wa mwaka 2013 ulitaka chombo kijaribiwe kwa watu 10 tu, na kati yao wawili au asilimia 15 wawe na ngozi nyeusi. Yaani watu wawili waliwawakilisha wakazi wa bara zima. Januari 2025, FDA ilitoa pendekezo la mwongozo mpya linalotaka watu 150 au zaidi, wenye ngozi za rangi mbalimbali.

Je, fotoakustika itarithi kasoro hiyo? Jibu ni kwamba imekwisha kuirithi, ila safari hii kasoro imeonekana mapema. Mmweko wa leza ukigonga ngozi yenye melanini nyingi, melanini yenyewe huumeza, hutanuka na kupiga kelele ya kwanza. Kelele hiyo hujaa katika picha na kuufunika mnong’ono wa mshipa ulioko chini. Isitoshe, nuru iliyomezwa juu haifiki chini, hivyo mnong’ono wenyewe hudhoofika.

Mtafiti aliyejitokeza kulishughulikia suala hili ni Muyinatu Bell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ambaye kwa sadfa jina lake linafanana na la mvumbuzi wa 1880. Mwaka 2023, yeye na wenzake walionyesha kwa vipimo vya mikono ya watu wa rangi tofauti kwamba picha za mishipa hufifia kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi zaidi. Kisha wakaonyesha kwamba kasoro hiyo inaweza kupunguzwa bila kugusa leza, kwa kubadilisha hesabu tu. Badala ya tarakilishi kuuliza sauti ipi ni kubwa, huuliza ni sauti zipi zinazofika zikiwa zimefanana katika vinasa sauti vilivyo jirani. Sauti ya mshipa wa kweli hufika kwa mpangilio, kelele hufika ovyo ovyo. Vilevile, nuru yenye mawimbi marefu zaidi husaidia, kwa kuwa melanini huimeza kwa uchache.

Kutoka Afrika kwenyewe, jaribio linalostahili kutajwa ni la Kameruni. Vimelea vya malaria hula kile kinachoipa damu wekundu wake na kuacha taka za chembechembe zenye chuma, na taka hizo huimeza nuru kwa nguvu kuliko damu yenyewe. Watafiti wa Marekani na Kameruni walitumia chombo kiitwacho Cytophone, kinachopeleka leza kwenye mshipa wa mkono na kusikiliza sauti za taka hizo zikipita. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024, yakiwahusu watu wazima 20 wenye malaria jijini Yaoundé, yalionyesha kwamba chombo hicho kiliwatambua wenye vimelea kwa asilimia 90. Ila kati ya watu 100 wasio navyo, kingewahesabu 31 hivi kuwa wanavyo. Hakuna zahanati inayoweza kuridhika na hilo kwa sasa. Jambo la kutia moyo ni kwamba kilijaribiwa kwa ngozi za Waafrika tangu mwanzo.

Uwanja wa nuru, bila shaka, haukomei hapo. Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2008 ilitolewa kwa waliogundua na kuendeleza protini inayong’aa kijani, ambayo huwawezesha wanasayansi kuona chembe hai zikifanya kazi, na ile ya 2014 kwa hadubini zinazoona vitu vidogo kuliko kikomo kilichowekwa na fizikia ya karne ya 19. Kilichomfikia mgonjwa wa kawaida ni jambo la chini zaidi: mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza hadubini zenye taa za LED za kung’arisha viini vya kifua kikuu zichukue mahali pa zile za zamani, na makohozi yakaanza kusomwa kwa haraka na kwa uhakika zaidi.

Swali ni iwapo eneo la Thika na Ruiru litaendelea kungoja vyombo vilivyokwisha kupimwa kwingine. Rekodi yake haistahili kungoja. Thika ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa Partners PrEP, uliowahusisha jozi 4,747 za wachumba na wanandoa wa Kenya na Uganda, na ambao matokeo yake ya mwaka 2011 yalisaidia kuithibitisha dawa ya kumkinga asiye na virusi vya Ukimwi. Thika ilikuwa tena kituo cha utafiti wa KEN SHE, ukiongozwa na Dkt Nelly Mugo na wenzake, ambapo wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 kutoka Thika, Nairobi na Kisumu walishiriki. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa dozi moja tu ya chanjo ilizuia kwa asilimia 97.5 aina mbili kuu za virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka huo huo WHO ikaikubali ratiba ya dozi moja. Watu wa mji huu, ambao wengi huwajua kwa mananasi na viwanda tu, wamechangia kuibadilisha tiba ya dunia nzima mara mbili.

Vyuo vikuu navyo havikosekani barabarani humu: Kenyatta, kisha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pale Juja, na Mount Kenya mjini Thika. Wahandisi, wanafizikia na madaktari wamo ndani ya safari ya saa moja. Isitoshe, utafiti wa hesabu kama ule wa Muyinatu Bell hauhitaji jengo la mamilioni, bali tarakilishi, vinasa sauti na watu wa ngozi zote za kahawia na nyeusi wanaokubali kupimwa. Utajiri wa aina hiyo Baltimore inautafuta, sisi tunao.

Vikwazo vipo, na ni upuuzi kuvificha. Leza yenye nguvu ni ghali, huhitaji chumba maalumu na miwani ya kukinga macho, na haipendi umeme unaokatika saa nane za mchana bila taarifa, jambo ambalo mkazi wa Ruiru hahitaji kuelezwa. Kwa sababu hiyo, mashine zinazotumia safu za taa za LED badala ya leza zinastahili kuangaliwa. Nguvu zake ni ndogo na hazioni mbali chini ya ngozi, lakini hubebeka, na bei yake ni nafuu kuliko ya leza kubwa.

Kwa sasa, mwanamke anayehisi uvimbe katika titi bado anahitaji skani, eksrei ya matiti na hatimaye sindano ya kutoa kipande cha nyama kikachunguzwe. Hata Imagio haikuletwa ili kuifuta sindano hiyo, bali kupunguza idadi ya wanaochomwa bure.

Naye aliye na kibanio cha kidoleni nyumbani asikitupe. Akitumie kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha wala hina, aketi kwa utulivu dakika chache, na aangalie tarakimu inavyopanda au kushuka kutoka siku moja hadi nyingine badala ya kuiamini mara moja. Mgonjwa akihema kwa taabu, akichanganyikiwa au akishindwa kumaliza sentensi, apelekwe hospitalini hata kama kibanio kinaandika 95.